Wageni Wanaokula Nyama na Wasiokula: Mume na Mke Wapange Pamoja

Somo letu safari hii linahusu meza ya nyumbani. Huenda mtu akauliza: je, chakula cha wageni ni jambo la kufundishwa katika ukurasa wa ndoa? Ndiyo, tena sana. Ugomvi wa wana ndoa mara nyingi hauanzi na mambo makubwa. Huanza wageni wakishaondoka, vyombo vikiwa bado havijaoshwa, mume akisema, "Umeniaibisha mbele ya watu," na mke akijibu, "Wewe ndiwe hukuniambia mapema."

Tuchukue mfano unaoweza kutokea katika nyumba yoyote ya Kitui au Makueni. Kijana wenu amepata mchumba. Nyinyi mmekwisha kwenda kwa wazazi wa msichana, na sasa ni zamu yao kuja kuwatembelea. Baba anachagua beberu aliyenona kuliko wote zizini. Mama anaamka kabla ya jogoo kuwika ili muthokoi uive vizuri. Wageni wanafika, wanapokewa kwa heshima, sala ya chakula inasaliwa. Ndipo mama wa msichana anamnong'oneza mwenye nyumba kwamba yeye hali nyama, na hajaila kwa miaka mingi. Mama mwenye nyumba anazitazama sufuria zake moja baada ya nyingine. Wali umepikwa kwa supu ya mbuzi. Muthokoi umeungwa kwa mafuta ya mbuzi huyo huyo. Hata mboga za majani zimetiwa vipande vya nyama ili zipate ladha. Kilichobaki ni chai na mkate.

Mgeni anakunywa chai akisema ameshiba. Mama anaona haya. Baba ananyamaza, lakini moyoni anajiuliza kama mbuzi wake amedharauliwa. Siku iliyokuwa ya kuziunganisha jamaa mbili inaacha kidonda kidogo, na kidonda kidogo kisipotibiwa hukua.

Katika mfano huu hakuna aliyekusudia ubaya. Kilichokosekana ni maneno machache ambayo yangesemwa siku kadhaa kabla. Basi tuangalie jambo hili hatua kwa hatua.

1. Kwa nini nyama ina uzito mkubwa kwetu

Katika Ukambani mbuzi si kitoweo tu. Kwa mbuzi tunapokea wageni, tunapatanisha watu, na tunafunga ndoa. Kila Mkamba aliyelelewa nyumbani anajua maana ya ntheo: mbuzi wanaopelekwa na upande wa mume kwa wazazi wa msichana, ambao kwa mila ndio wanaoifanya ndoa itambuliwe. Hata mahakama za Kenya, katika kesi kadhaa za urithi na ndoa, zimeitaja ntheo kuwa hatua ya msingi katika ndoa ya kimila ya Kikamba. Kwa hiyo mzee anapomchinjia mgeni, hasemi tu, "Karibu ule." Anasema, "Wewe ni mtu wa maana kwangu."

Tena tukumbuke ukame. Wazee wa pande zetu huzitaja njaa kwa majina yake. Njaa ya mwaka 1984 wanaiita Nikw'a Ngwete, maana yake "nakufa nikiwa nazo mkononi", kwa sababu mtu aliweza kuwa na pesa na bado akose chakula cha kununua. Aliyepita katika siku kama hizo hawezi kuona kipande cha nyama kikiachwa kwenye sahani bila kuumia moyo. Kijana anayefikiri kwamba baba yake ni mkaidi tu anapaswa kulikumbuka jambo hili. Baba hatetei nyama peke yake. Anatetea kumbukumbu ya siku ambazo hapakuwa na kitu.

2. Kwa nini wengine hawali

Upande wa pili nao una sababu zake, na sababu hizo hazifanani. Ni vizuri tuzijue, maana anayedhani kwamba kila asiyekula nyama anaringa atawakosea watu wengi.

Kwanza wako wanaoacha kwa ajili ya dini. Waadventista Wasabato hawali nguruwe na wanyama wengine waliotajwa katika Walawi 11. Kanisa lao halimlazimishi mtu kuacha nyama yote, lakini linashauri chakula cha mimea, na baadhi ya waumini wamechagua hivyo kabisa. Wahindu wengi hawali nyama. Wajaini huenda mbali zaidi: wengine hawali hata vitunguu, viazi na vyakula vingine vinavyochimbwa ardhini.

Pili, yuko mgeni ambaye mara nyingi tunamsahau: jirani Mwislamu. Yeye anakula nyama, lakini awe na hakika kwamba mnyama alichinjwa kwa taratibu za dini yake. Mbuzi akichinjwa nyumbani kwako na mtu mwingine, siku hiyo Mwislamu huyo atakuwa kama asiyekula nyama. Ndiyo sababu sehemu nyingi za Kenya watu wenye sherehe humwita Mwislamu aje achinje, ili kila mtu apate kula. Desturi hii ni njema na haimpunguzii mwenye nyumba heshima yake.

Tatu, wako wenye sababu za afya. Mgonjwa wa gauti huambiwa apunguze nyama, hasa maini, figo na matumbo, kwa kuwa huongeza asidi inayovimbisha viungo. Mgonjwa wa figo naye hupewa kipimo chake na daktari. Mara nyingi watu hawa hawapendi kutangaza ugonjwa wao mbele ya watu.

Nne, wako hasa vijana walioacha kwa kuwahurumia wanyama, au kwa kuwa tangu utotoni hawakuipenda nyama. Hawa ndio wanaotaniwa zaidi, na mara nyingi ndio wanaoumia zaidi.

Na sisi Wakatoliki tusijione wageni wa jambo hili. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1251 na ya 1252, zinaagiza kujinyima nyama siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na zinawahusu waliotimiza miaka 14. Basi kila mwaka nasi tunakuwa watu wa kusema, "Asante, leo sili nyama." Tunajua jinsi inavyopendeza mwenyeji anapotuelewa bila maswali mengi.

Mtume Paulo aliwakuta Wakristo wa Roma wakigombana kwa jambo hili hili. Katika sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi anawapa wosia pande zote mbili: anayekula kila kitu asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Tazama jinsi alivyogawa sawasawa. Mlaji hushawishika kudharau. Asiyekula hushawishika kuhukumu. Mezani kwetu makosa yote mawili yapo.

3. Somo kutoka Makindu

Kwa bahati njema, mfano mzuri wa meza ya watu wote tunao hapa hapa Makueni. Anayesafiri kati ya Nairobi na Mombasa atalikuta hekalu la Masingasinga, ambao wengi wetu huwaita Makalasinga, katika mji wa Makindu. Hekalu hilo lilijengwa mwaka 1926. Masingasinga walikuwa miongoni mwa watu kutoka Bara Hindi waliofanya kazi katika reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Makindu ilikuwa kituo katika reli hiyo.

Katika hekalu hilo msafiri yeyote hupewa chakula bila malipo. Haulizwi dini yake wala kabila lake. Anavua viatu, anafunika kichwa, anaketi pamoja na wengine. Huletewa dengu, chapati, wali, mboga na chai ya maziwa. Nyama haipo.

Je, ni kwa sababu Masingasinga wote hawali nyama? La. Wengi wao hula nyama majumbani kwao. Lakini chakula cha hekaluni, ambacho wao hukiita langar, hupikwa bila nyama ili pasiwe na mtu hata mmoja atakayeshindwa kukila. Mhindu anakula, Mwislamu anakula, Mkristo anakula, tajiri na maskini wanakula sufuria moja. Desturi hiyo inatokana na Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, aliyeishi Punjab kati ya mwaka 1469 na 1539. Wakati ule watu wa matabaka mbalimbali hawakukubali kuketi na kula pamoja.

Hatusemi kwamba kila nyumba ya Kitui na Makueni iache kuchinja. Nyumba si hekalu. Lakini kuna hekima tunayoweza kuichukua: chakula cha katikati ya meza kiwe kile ambacho kila mtu anaweza kukila. Nyama iwepo kama mnaitaka, lakini iwe kando, katika sufuria yake. Asiyekula nyama asipikiwe sahani ya pembeni kama mgonjwa. Ale kile ambacho wote wanakila, naye aache kitu kimoja tu.

Wenyeji wengi hufanya kinyume. Hupika vyote kwa nyama, halafu humtafutia mgeni mmoja yai au kabichi ya haraka haraka. Mgeni huyo atashiba, lakini atajiona mzigo.

4. Mume na mke wakae kwanza

Kabla ya kumwuliza mgeni, wenye nyumba waulizane wao kwa wao. Katika nyumba nyingi mume huamua mbuzi, mke huamua sufuria, na wawili hao hukutana mbele ya wageni. Hapo ndipo mambo huharibika.

Tengeni nusu saa jioni moja, siku nne au tano kabla. Mzungumze mambo manne: ni akina nani wanaokuja, nani kati yao ana jambo la chakula, tunaweza kutumia pesa kiasi gani, na nani atafanya nini. Mume asiseme, "Hayo ni mambo ya jikoni." Yeye ndiye anayewajua jamaa zake. Anajua kwamba shemeji yake ana gauti, au kwamba mjomba amehamia kanisa la Wasabato. Asipomwambia mkewe, mke atajuaje?

Mazungumzo yanaweza kuwa mafupi tu:

"Baba watoto, hao wageni wa Jumamosi, kuna asiyekula kitu fulani?"

"Kaka yangu hana shida. Lakini mkewe siku hizi hali nyama kabisa."

"Basi muthokoi nitaupika bila supu. Wewe na vijana mtashughulikia nyama huko nje."

"Sawa, mama watoto. Na supu je?"

"Supu iwe kwenye sufuria yake. Anayeitaka atapewa kikombe."

Mambo yamekwisha. Mbuzi amechinjwa, mke wa kaka ameheshimiwa, na hakuna aliyeshindwa.

Kuna hatari nyingine ya kuzungumzia mapema. Mume akiona mkewe anampikia mgeni asiyekula nyama kwa uangalifu, asifikiri kwamba mbuzi wake amedharauliwa. Na mke akiona mumewe anasisitiza kuchinja, asifikiri kwamba anajionyesha. Kila mmoja anampokea mgeni kwa njia anayoijua. Ambianeni wazi, "Najua unafanya hivi kwa sababu unawapenda watu wetu." Neno hilo moja huondoa hasira nyingi.

5. Kumwuliza mgeni bila kumwaibisha

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini kuna namna ya kuuliza. Ukimwuliza mtu, "Kwani wewe huli nyama?" umekwisha kumweka kizimbani. Afadhali umpigie simu au umwandikie ujumbe na kusema, "Tunawangoja kwa furaha. Je, kuna chakula ambacho nyumbani kwenu hamtumii, ili tujipange?" Swali kama hilo haligusi ugonjwa wala dini. Mgeni atasema anachotaka kusema.

Akijibu kwamba hali nyama, uliza jambo moja zaidi: "Kuku, samaki, mayai na maziwa je?" Hapa wengi hukosea. Ziko nyumba ambamo mtu akisema hali nyama, huletewa kuku, kana kwamba kuku ni mboga. Wengine wasiokula nyama hula samaki. Wengine hawali samaki lakini hula mayai na kunywa maziwa. Wengine hawatumii chochote kitokacho kwa mnyama, hata asali ya Mwingi tunayojivunia. Usikisie. Uliza.

Mgeni naye ana wajibu wake. Usingoje sahani iwekwe mbele yako ndipo useme. Mwambie mwenyeji wako mapema, kwa unyenyekevu, na uongeze kile unachokipenda: "Mimi sili nyama, lakini muthokoi wa mbaazi wenu ukiwepo nitafurahi kabisa." Ukifanya hivyo unampa mwenyeji kazi anayoiweza. Na ukishafika, usitoe hotuba juu ya ubaya wa nyama wakati wengine wanatafuna.

6. Kazi ya jikoni

Kitui na Makueni hazina upungufu wa vyakula visivyo vya nyama. Ndengu, mbaazi, kunde na maharagwe ni mazao yetu wenyewe. Mvua ikinyesha, hatuna sababu ya kumpa mgeni mkate na chai.

Sufuria ya wote inaweza kuwa muthokoi wa mbaazi. Kama mnavyojua, mahindi hutwangwa kinuni yakiwa yametiwa maji kidogo mpaka maganda yatoke, kisha hupepetwa. Yaloweke usiku kucha ili yaive upesi na kuni zisiishe. Chemsha pamoja na mbaazi au maharagwe mpaka vilainike, ndipo uunge kwa kitunguu, nyanya na mafuta ya mimea. Ukiongeza malenge au viazi, muthokoi hupata uzito na utamu hata wasiozoea kula bila supu hawataikumbuka. Kando weka ndengu za mchuzi, mboga za kunde, chapati au wali, na maembe yakiwa msimu wake.

Angalieni mambo haya madogo ambayo huwaangusha wapishi wengi:

- Wali na muthokoi vipikwe kwa maji, si kwa supu ya nyama.
- Chapati na mboga zipikwe kwa mafuta ya mimea, si ya mnyama.
- Soma pakiti ya kiungo cha mchuzi. Baadhi yake ina ladha ya nyama, na mgeni anaweza kukataa.
- Pika chakula kisicho na nyama kwanza, ukifunike, ndipo ushike nyama. Mikono, kisu na ubao vioshwe kati ya kazi hizo mbili.
- Kila sufuria iwe na mwiko wake. Mwiko mmoja ukitoka kwenye nyama na kuingia kwenye ndengu, kazi yote imepotea.
- Usimwambie mgeni, "Toa tu vipande vya nyama, ule mchuzi." Kwake yeye mchuzi huo ni nyama.

La mwisho ni zito kuliko yote: usimdanganye mgeni. Wako wanaosema, "Atakula tu, hatajua." Akija kujua baadaye, hataamini tena chakula chako wala neno lako. Afadhali kumwambia kweli kwamba wali umeguswa na supu, umpe chapati.

Wengine huogopa kwamba mgeni asiyekula nyama ataondoka na njaa. Hofu hiyo haina msingi. Katika gramu 100 za ndengu, mbaazi au kunde kavu mna zaidi ya gramu 20 za protini. Ni kweli kwamba zikipikwa hunywa maji, hivyo sahani moja huwa na protini pungufu kuliko kipande cha nyama cha uzito ule ule. Lakini mahindi na mbaazi zikiliwa pamoja husaidiana: kile kinachopungua katika moja hupatikana katika nyingine. Bibi zetu waliujua muthokoi na isyo kabla ya vitabu vya lishe kuandikwa. Kitu kimoja tu mimea haikitoi vya kutosha, nacho ni vitamini B12, inayopatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu asiyetumia chochote kati ya hivyo, hasa mama mjamzito au anayenyonyesha, azungumze na wahudumu wa kliniki. Hilo ni jambo la maisha yake ya kila siku, si la mlo mmoja nyumbani kwako.

7. Mezani

Chakula kinapoletwa, mwenye nyumba au mkewe aseme kwa ufupi kila sufuria ina nini: "Huu ni muthokoi wa mbaazi, hauna nyama. Hizi ni ndengu. Ile pale ni nyama ya mbuzi." Basi. Asimtaje mtu kwa jina, wala asiseme, "Hiki ni cha fulani, msikiguse." Kila mtu ajipakulie, au apakuliwe baada ya kuulizwa.

Chakula kisicho na nyama kiwe kingi cha kuwatosha watu wote. Wenyeji wengi hupika kidogo wakidhani ni mtu mmoja tu atakayekitaka. Walaji wa nyama nao hupenda ndengu. Wakipakua kwanza, asiyekula nyama atakuta sufuria tupu.

Utani nao uwe na kipimo. Mjomba akisema, "Huyu anakula majani kama mbuzi," watu watacheka mara moja. Akirudia mara ya tatu, mgeni hacheki tena. Hapo ni kazi ya mume mwenye nyumba kugeuza mazungumzo kwa upole, aulize habari za mvua au za shule za watoto. Asimwachie mke kazi hiyo, hasa kama anayetania ni jamaa wa upande wa mume.

Kama mnamwalika pia jirani Mwislamu na mnataka naye ale nyama, mtafuteni mapema Mwislamu wa kuchinja, na mumwambie mgeni wenu kwamba mmefanya hivyo. Isipowezekana, sufuria ya wote itamtosha, mradi vyombo ni safi.

8. Sherehe za mila

Swali gumu zaidi ni la ntheo na sherehe nyingine za ukoo. Itakuwaje bibi harusi, bwana harusi au mzazi mmoja akiwa hali nyama? Je, mbuzi aachwe?

Ushauri wetu ni kwamba vijana wasije na mshangao siku ya sherehe. Waende kwa wazee wa pande zote mbili mapema, waeleze hali yao kwa heshima, na waulize: katika mila yetu, ni lazima kila mtu atie nyama kinywani, au linalotakiwa ni mbuzi wapelekwe, wapokewe na kuliwa na jamaa? Wazee wakiulizwa kwa adabu, mara nyingi hutafuta njia. Wakishtukizwa mbele ya umati, huona wamevunjiwa heshima, na hapo hata jambo dogo huwa gumu.

Asiyekula nyama naye aonyeshe kwamba anaiheshimu sherehe. Aketi pamoja na wengine mpaka mwisho, asaidie kuwahudumia wageni, na ale chakula kingine pale pale, asiende kula peke yake jikoni. Anayekaa na watu hajawakataa, hata kama hajala kila kitu chao.

9. Kama asiyekula ni mmoja wenu

Wakati mwingine tofauti hii si ya mgeni bali ya mume na mke wenyewe. Mke ameacha nyama, mume bado anaipenda. Au daktari amemwambia mume aache, naye mke anaona taabu kupika mara mbili. Wageni wakija, tofauti hiyo huonekana na watu wote.

Msianze kubishana mbele yao nani ana haki. Gawaneni kazi. Huku kwetu kuchoma nyama nje ni kazi ambayo wanaume wameizoea. Mke asiyependa kushika nyama asilazimishwe. Mume na ndugu zake wachinje, wachome na wagawe, naye mke aisimamie sufuria ya wote. Mume naye asimseme mkewe kwa wageni, akisema, "Huyu wangu siku hizi amebadilika." Wala mke asimdokezee mgeni kwamba mumewe hasikii la daktari. Siri za sahani zenu ni za nyumba yenu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni asiyekula nyama anaweza kuiponya nyumba kwa namna hii: anawalazimu mume na mke kuketi, kuulizana na kugawana kazi. Nyumba iliyojifunza kufanya hivyo kwa ajili ya mlo wa Jumamosi itaona rahisi zaidi kuketi kwa ajili ya karo ya shule, shamba na wazazi waliozeeka.

Maswali ya kujadiliana mume na mke

1. Mara ya mwisho tulipopokea wageni, nani aliamua chakula? Je, tuliulizana?

2. Kati ya jamaa na majirani zetu, ni nani ambaye kuna chakula asichokula? Tunajua sababu yake, au tunakisia?

3. Sufuria ya wote nyumbani kwetu ingekuwa ya chakula gani?

4. Utani wa mezani ukimchoma mgeni, nani kati yetu atageuza mazungumzo?

5. Kijana wetu akileta mchumba asiyekula nyama, tutawaambia nini wazee wa ukoo, na lini?